Dalali, niachie ukuta wangu!

Wenzangu mnaouza nyumba Lamu, hivi hamchoki? Dalali anapiga simu usiku: "Mnunuzi anakuja kukagua kesho, piga saruji ukuta ung'ae." Saruji! Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua. Ukiuziba, unyevu unabaki ndani, chumvi inatoka, rangi inabanduka vipande vipande. Si kuta hizi hizi zilizouingiza mji wetu katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001? Na mchanga abebe nani? Punda, gunia kwa gunia, vichochoroni, usiku huo huo! Haya, nimepangusa zidaka zote, vile vishubaka vya ukutani, kila kimoja kina vumbi la karne nzima. Mnunuzi kafika, kagonga boriti moja tu ya mkoko, kauliza: "Gari nitaegesha wapi?" Gari? Mtaa wa Mkomani, huku vichochoroni?