Fungueni hayo makabati

Juzi nilikuwa shule moja ya kata, upande wa Chamwino, kuwasaidia walimu wa TEHAMA. Kompyuta zipo, mpya, nailoni bado ziko kwenye vioo. Ila zimefungiwa kabatini, ufunguo anao mkuu wa shule, na mkuu yuko mjini kikaoni. Mwalimu akaniambia, "Afande, hizi hatuzigusi. Ikiharibika moja nitalipa mimi." Chumba cha pili yake, watoto wa kidato cha pili walikuwa wananakili mchoro wa kompyuta kutoka ubaoni. Hasira haijanitoka mpaka leo.

Nimerusha ndege za jeshi miaka mingi kabla ya kusomea ualimu, na watu hudhani nilichotoka nacho kule ni gwaride na kiboko. Hapa Dodoma kila shule ninayofika naletewa watoro niwanyooshe. Sikuja kuchapa watoto wa watu. Jeshi la anga lilinifundisha kuishi na mashine ya gharama kubwa bila kuiogopa, na hicho ndicho shule zetu zinakikosa.

Ndege isiyoruka huharibika. Mipira ya kuzuia mafuta hukauka, unyevu huingia kwenye injini, kutu huanza. Kompyuta nazo ni hivyo hivyo: betri ikiachwa tupu miezi mingi hufa, na vumbi letu la kiangazi halijui kufuli. Anayezifungia ili zidumu anaziua polepole, tena bila mtoto hata mmoja kufaidika.

Na rubani hakabidhiwi ndege kwa vitisho. Anakaa na mwalimu wake pembeni, mwenye usukani wake, mpaka aive. Mwezi Oktoba 1935, huko Ohio, Marekani, ndege ya majaribio ya Boeing, Model 299, ilianguka muda mfupi baada ya kupaa kwa sababu kizuizi cha mabawa ya mkiani, kinachoyashikilia upepo usiyatikise ndege ikiwa imeegeshwa, kilisahaulika bila kufunguliwa. Rubani, Meja Ployer Hill, hakuwa mwanagenzi. Alikufa kwa ajali hiyo. Wenzake hawakuifungia ndege bandani. Waliandika orodha ya ukaguzi, na mpaka leo hakuna rubani anayeruka bila orodha yake. Mwaka 1976 Wamarekani wakaongeza jingine: rubani anaripoti kosa ambalo hakulikusudia, NASA, shirika lao la anga, inapokea taarifa na kuficha jina lake, naye anapata kinga ya adhabu. Kosa likisemwa, wengine wanapona. Kwetu mwalimu akivunja kibodi anaificha, maana mshahara wake uko hatarini, na shule nzima haijifunzi chochote.

Wizi upo, hilo nakubali shingo upande. Wekeni nondo na mlinzi. Umeme unakatika, ndiyo, lakini haukatiki mwaka mzima. Na intaneti? Kuchapa barua na kutengeneza jedwali la alama hakuhitaji intaneti.

Shuleni kwetu nimebandika orodha fupi ukutani: futa vumbi, kagua waya, washa, hifadhi kazi, zima kwa utaratibu. Chini yake kuna daftari la hitilafu. Binti mmoja wa kidato cha kwanza, mtoto wa Bahi, alibonyeza asichokijua, mashine ikazimika, akaanza kutetemeka akingoja kofi. Nikampa kalamu aandike alichobonyeza. Siku hizi wenzake wakikwama wanamwita yeye kwanza, mimi baadaye.

Maafisa elimu wa halmashauri, ninyi ndio mnaoweza kumaliza jambo hili. Andikeni waraka useme kwamba kifaa kilichoharibika kikiwa kwenye kipindi hakilipwi na mwalimu, isipokuwa uzembe au wizi umethibitishwa. Tengeni fedha ya matengenezo, na kila kata ijue fundi wake ni nani. Halafu mkija ukaguzi, msiulize kompyuta ziko ngapi. Ulizeni wiki hii zimewashwa kwa saa ngapi, na ni watoto gani walizishika.