Laptopu Iliyomheshimu Bibi

Ukatibu wa michango ya harusi hupewa mtu mwenye roho ngumu na laptopu nzima. Mimi nilipewa kwa ajili ya laptopu. Yenyewe ni ya mtumba, imeshatembea Ulaya na Dubai kabla ya kufika soko la Darajani hapa Unguja, ina mwili wa bati na kioo kisicho hata mkwaruzo. Kila aliyeiona aliisifu, wengine bila kusema Masha Allah, jambo ambalo bibi alikuja kulitaja baadaye katika sababu zake.

Ilikuwa masika, na anayezijua nyumba za mawe za Mkunazini anajua sakafu ya chini inavyokuwa msimu huo: unapiga deki asubuhi, ikifika jioni imelowa zaidi. Nikakaa mezani miguu mitupu, kama tunavyokaa sote ndani, nikachomeka chaja, nikaweka kidole kwenye tachipedi. Kishale kikaruka. Nikakifuata, kikaruka tena. Nakitaka kwenye mstari wa mchele, kiko kwenye mstari wa mbuzi. Naandika ahadi ya mkaza mjomba, mara maandishi yanakua yenyewe, maana tachipedi ilidhani nimeweka vidole viwili na kuvitanua. Yakakua mpaka ile M ya "Mkaza" ikajaa kioo kizima.

Bibi alikuwa anapita na birika la chai. Akasimama.

"Nani anaandika hapo?"

"Yenyewe, bibi."

Akaliweka birika chini.

Sasa mie si mtu wa kukimbilia ubani. Kishale kikiwa hakishikiki, kibodi bado ipo. Nikabonyeza Windows na I, mipangilio ikafunguka, nikashuka kwa Tab na vitufe vya mishale mpaka sehemu ya tachipedi. Nikapunguza wepesi wake wa kuhisi hadi mwisho wa chini. Nikazima kubofya kwa kugonga. Bado. Nikabonyeza Windows na X, kisha M, ikaja ile orodha ya vifaa vyote vya mashine, nikaifuta draiva ya tachipedi, yaani programu inayoiendesha, na kuwasha upya. Windows ikairudisha draiva bila kuulizwa na mtu, na kishale kikarudi na akili zake zile zile. Kilichofanya kazi barabara ni kile kitufe cha juu cha kuizima tachipedi. Kishale kilitulia tuli, kwa kuwa kilikuwa kimekufa. Nikaiwasha tena.

Chetezo kikaletwa. Bibi alitia ubani, akatia na udi kidogo kwa heshima ya harusi, akakizungusha chini ya meza huku anasoma. Moshi ukaingia kwenye matundu ya feni ya laptopu na kutokea upande wa pili, na bibi akasema hiyo ndiyo dalili, kinatoka. Alipomaliza akapanda kitandani kwake, kile cha samadari, miguu juu, akataka aletewe mashine aijaribu mwenyewe. Soketi iko hapo hapo kichwani mwa kitanda, kwa hiyo waya ulifika bila shida. Akaipakata, kiganja cha kushoto kakilaza juu ya bati, kidole cha kulia chenye hina kikaigusa tachipedi.

Kishale kikaenda kwa adabu. Kulia, kushoto, juu, chini. Akafungua picha za wajukuu wa Maskati, akazitazama zote, akafunga.

Nikaichukua, nikarudi mezani. Kishale kikaruka kama panzi.

"Mashine nzima," bibi akasema. "Imekukataa wewe."

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi Darajani. Huyu fundi hana maneno mengi. Akaichomeka kwenye chaja yake, akaweka kidole, kishale kikatembea kama kilivyotembea kwa bibi. Nikamwambia asubiri, kitaruka tu. Tukasubiri. Watu wakaja, wakabadilisha vioo vya simu, wakaondoka. Hakikuruka. Kwa kunihurumia akapakua draiva kutoka kwa kampuni iliyoitengeneza mashine, akaiweka juu ya ile ya Windows, akafungua na mgongo kuangalia kama betri imevimba, kwa sababu betri iliyovimba huisukuma tachipedi kutoka chini ikawa inajibofya yenyewe, na betri ya namna hiyo si ya kuchezea, hutolewa siku hiyo hiyo. Betri ilikuwa bapa. Akafunga skrubu, akapokea pesa yake, akaniuliza kama nyumbani nalala vizuri.

Usiku ule ule, mezani, miguu chini, chaja ukutani, ikaanza tena. Ndipo lilipotokea lile la ami.

Ami yangu aliahidi elfu hamsini. Mimi niliandika elfu hamsini. Nikawa nimehamia mstari wa chini yake, naandika za mjomba, kishale kikapanda juu katikati ya kuandika, na sifuri moja ikadondokea kwa ami. Kabla sijaifuta, kishale kikaenda chenyewe kwenye dirisha la WhatsApp nililoliacha wazi, faili likiwa limeshapachikwa linanisubiri niwe tayari, kikabofya kutuma. Kundi la harusi lina ukoo mzima, wa Unguja, wa Wete na wa Maskati.

Ami: 500,000.

Dua zilianza kumiminika. Mama wa bi harusi akatuma ujumbe wa sauti wenye vigelegele ndani yake.

Asubuhi ami akabisha hodi, akavua makubadhi mlangoni, akaingia. Ni mtu aliyestaafu kazi ya umeme, na hasira zake ni za taratibu.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Laki tano nimekupa lini?"

"Si mimi ami, ni kishale."

"Kishale ndiye katibu?"

Nikamwambia ajionee. Akainama mezani, akaweka kidole, kishale kikakimbilia pembeni na kufungua kikokotoo. Akaweka mkono mwingine kwenye bati, akauondoa upesi, akaupitisha tena, safari hii kwa mgongo wa vidole.

"Hii inasisimua."

"Imefukizwa," bibi akasema kutoka kitandani.

Ami hakujibu. Akaushika waya wa chaja, akaufuata kwa vidole mezani, chini, nyuma ya kitanda, mpaka ukutani. Kimya kikawa kirefu. Kisha akauliza, bila kugeuka, hii peni ni ya nani.

Peni haikuwa ya mtu. Peni iko pale tangu zamani. Plagi ya ile chaja ni ya Ulaya, pini mbili za mviringo, na soketi zetu ni za Kiingereza, za matundu matatu. Tundu la juu huingia pini ndefu ya ethi, yaani ya waya wa ardhini, na ndiyo inayofungua vile vifuniko vya ndani vya matundu mawili ya chini. Waingereza waliupanga utaratibu huo mwaka 1947 ili mtoto asitie msumari. Sisi tunatia peni. Unausukuma mfuniko wa peni kwenye tundu la juu, vifuniko vinafunguka, unazikandamiza pini mbili, mambo yanakwenda. Nyumba nzima tunachaji hivyo.

"Umeme unatoka Ras Kiromoni kule bara," ami akasema, "unapita chini ya bahari mpaka Fumba, unafika salama salimini. Unakuja kudhalilishwa hapa na peni."

Akanieleza huku anasafisha vidole. Tachipedi haihisi uzito wa kidole, inahisi chaji ya umeme, na mwili wa mtu ni sehemu ya hesabu yake. Chaja siku zote huvujisha umeme kidogo sana, ambao kazi ya ethi ni kuuteremsha ardhini. Ethi ikikosekana, unabaki kwenye bati. Mtu aliyesimama miguu mitupu juu ya sakafu iliyolowa akigusa, umeme ule unapata njia ya kushukia, ambayo ni kidole chake, na tachipedi inaona vidole ambavyo havipo. Bibi yuko juu ya godoro, kiganja kimelala kwenye bati, yeye na mashine wako sawa. Fundi wa Darajani chaja yake ina pini tatu.

"Kavae ndara."

Za karibu zilikuwa za chooni. Nikavaa, nikagusa. Kishale kikatulia.

"Vua."

Kikaruka.

"Vaa."

Kikatulia.

"Nani huyo kaingia na ndara za chooni ndani ya nyumba?" bibi akapiga kelele.

Ami akachomoa chaja ukutani, akaniambia nivue nijaribu kwa betri peke yake. Miguu mitupu, sakafu imelowa, kishale kikatembea utadhani ndio kwanza kinatoka dukani. Peni akaitia mfukoni mwa kanzu, akaenda Darajani kwa miguu, akarudi na waya wa chaja wenye plagi ya pini tatu, akauchomeka mwenyewe.

Ikabaki laki tano. Ami akasikiliza ujumbe wa mama wa bi harusi mpaka mwisho wa vigelegele, akaurudia, akaiweka simu kifudifudi juu ya meza.

"Andika laki tano, kasoro elfu saba za waya."

Nikaandika 493,000.

"Na ubani wangu?" bibi akauliza. "Na udi?"

Nikaufungulia mstari, matumizi ya kamati, ubani na udi, 2,000. Nikatuma, safari hii kwa kidole changu. Wa kwanza kujibu alikuwa mkaza mjomba, anataka kujua harusi ni ya mwezi wa Shaaban, ubani wa sasa hivi ulikuwa wa nini.