Kuala Lumpur kwa miguu, na Dar tunayoipita kwa gari

Mgeni kutoka kwetu akifika Kuala Lumpur hupelekwa kwanza minara ya Petronas, apigwe picha, kisha madukani. Minara ni mizuri, mita 452 na ghorofa 88, lakini ilikamilika 1998, na mji haukuanzia pale. Ulianzia inapokutana mito ya Klang na Gombak, na jina lenyewe linasema: kuala ni makutano ya mito, lumpur ni tope. Mwaka 1857 wachimbaji 87 wa Kichina walipandishwa mto kwenda kutafuta bati Ampang. Mashua zikaishia hapo, mizigo ikashushwa, na bandari ya matope ikageuka soko. Malaria iliwamaliza wengi wao.

Miaka michache baadaye, katika muongo wa 1860, Sultani Majid bin Said alianza kujenga Dar es Salaam. Miji hii ni ya rika moja. Ndiyo maana sisi tunaoishi huku Kuala Lumpur tunaumia tukiona mmoja unavyosimulia maisha yake barabarani na mwingine umenyamaza.

Anza saa mbili asubuhi, kwa sababu mvua ya huku hupenda kumwagika alasiri, tena kwa ghafla. Shuka stesheni ya Masjid Jamek. Msikiti uko hapohapo kwenye ncha ya mito, matofali mekundu yenye mistari myeupe, ulifunguliwa 1909. Asiyekwenda kuswali aepuke saa za swala, hasa Ijumaa mchana. Vibao vitakuchekesha: waktu ni wakati, masjid unaujua, na watu wanasalimiana "apa khabar", yaani habari gani.

Vuka mto uingie Dataran Merdeka, yaani Uwanja wa Uhuru. Hapo ndipo bendera ya Uingereza ilishushwa usiku wa kuamkia 31 Agosti 1957, mbele ya jengo la Sultan Abdul Samad la 1897, lililokuwa ofisi za wakoloni. Asubuhi yake Tunku Abdul Rahman, waziri mkuu wa kwanza, alitangaza uhuru Stadium Merdeka. Uwanja huo bado upo, kando ya jengo jipya la Merdeka 118 lenye urefu wa karibu mita 679. Hawakuung'oa.

Kutoka hapo nenda kusini, Central Market, kisha mtaa wa Tun H.S. Lee. Hapa usiharakishe. Mwaka 1881 mji wa mbao na makuti uliteketea kwa moto, mafuriko yakafuata mwaka huohuo, na Waingereza wakaagiza nyumba zijengwe kwa matofali na vigae. Tanuri za matofali hayo ndizo zilizoupa jina mtaa wa Brickfields, yaani viwanja vya matofali. Maduka ya mtindo huo yana kaki lima, maana yake futi tano: ghorofa ya chini hurudishwa ndani, ya juu ikabaki kuwa paa la mpita njia. Unatembea mtaa mzima bila jua wala mvua. Ila tazama miguu yako. Kila mwenye duka alisakafia kwa kimo chake, kwa hiyo kila baada ya hatua chache kuna ngazi ya kupanda au kushuka, na vigae vikilowa vinateleza vibaya. Hekalu la Sin Sze Si Ya la 1864, lililoanzishwa na Yap Ah Loy, kiongozi wa Wachina wa mji huo, limejificha nyuma ya maduka hayo na limekaa mshazari, halifuati mstari wa barabara. Wengi hulipita bila kuliona.

Batu Caves, mapango yenye hekalu la Kihindu, weka siku nyingine: treni ya Komuter kutoka stesheni kuu ya KL Sentral, ngazi 272, mabega na magoti yafunikwe. Usipande na mfuko wa plastiki mkononi, nyani wataunyakua.

Wamalaysia nao wamebomoa. Majengo ya Gereza la Pudu la 1895 yaliisha 2012, likabaki lango na kipande cha ukuta, na ni hasara. Lakini kiini cha mji kimebaki, na kinatembeleka.

Dar hatujakosa historia. Boma la Kale lina kuta za matumbawe na boriti za mikoko. Yapo makanisa mawili ya Wajerumani, Mtakatifu Joseph na Azania Front. Ipo Sanamu ya Askari ya 1927, bustani ya mimea, Makumbusho ya Taifa. Vyote ni mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu. Uhindini kuna baraza zenye kivuli kama kaki lima. Kinachotushinda ni njia ya miguu kugeuzwa maegesho, hadi mtu atembee katikati ya barabara huku akipigiwa honi. Kuondoa magari kwenye mtaa mmoja hakuhitaji mkopo wa benki.

Kwa sasa, mwenye hamu aende Jumapili saa moja asubuhi, kabla magari hayajajaa. Aanzie Bomani, afuate bahari hadi Azania Front, apande kwa Askari, na afike Makumbusho milango ikifunguliwa.