Mfereji Ule Ulichimbwa na Watu wa Malaria

Kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa Ottawa limeniharibia wiki. Mama mmoja aliuliza, kwa upole kabisa, kama kuna anayekwenda Winterlude, tamasha la majira ya baridi la hapa jijini, Jumamosi na watoto ili na wake wapate kuongozana. Kabla hajajibiwa, mzee wetu mmoja, ambaye shikamoo yangu anaipata kila tukikutana, akatuma sauti ya dakika tatu. Nafupisha: hayo ni mambo ya wazungu, mtoto wa Kiafrika hakuumbiwa barafu, kaeni ndani mnywe uji. Zikamiminika emoji za vicheko na "umenena, mzee." Mama wa watu akaufuta ujumbe wake.

Nikijibu kule nitaambiwa sina adabu. Kwa hiyo naandika huku.

Mambo ya wazungu, sawa. Wazungu gani? Mfereji wa Rideau, ambao majira ya baridi, barafu ikikubali, watu hutelezea kilomita 7.8 katikati ya jiji, ulichimbwa kati ya 1826 na 1832 kwa amri ya Waingereza waliokuwa wakiogopa kuvamiwa na Marekani. (Hofu hiyo inaonekana haizeeki.) Aliyesimamia ni Luteni Kanali John By. Waliochimba ni wengine: Waayalandi waliotoka kwao na njaa, na Wakanada wa Kifaransa waliohitaji ujira. Sururu, koleo, toroli, baruti. Na walichokufa nacho, mzee wangu, ni kitu unachokijua kuliko daktari yeyote wa hapa. Malaria.

Ndiyo, malaria. Hapa hapa Ontario, jimbo letu hili la Kanada. Kila mwaka kiangazi kikifika katikati, homa iliingia kambini, hasa upande wa kusini kwenye vinamasi vya kuelekea Kingston. Watu wakitetemeka chini ya blanketi jua likiwaka, leo nafuu, kesho kutwa homa imerudi palepale. Mwaka 1828 ilipiga vibaya mno hata kazi ikasimama. By mwenyewe aliugua. Kwinini ilikuwepo, lakini bei yake haikuwa ya mchimba mtaro, kwa hiyo bwana akimeza dawa, kibarua alimeza mate. Mfereji ulipofunguliwa, inakadiriwa watu wapatao 1,000 walikuwa wamekufa, wengi wao kwa maradhi. Wengi walizikwa bila jina juu ya kaburi. Mbu wenyewe, anofelesi, bado wapo Ontario hadi leo. Vilivyotoweka ni vimelea.

Mimi niliyelazwa kwa malaria utotoni siwezi kusimama kwenye barafu ile nikajiona mgeni. Hapo chini ya viatu vyangu pana kazi ya vibarua wahamiaji waliotetemeka kama nilivyotetemeka mimi, waliolipwa kidogo na kusahauliwa upesi. Kama kuna watu duniani wenye haki ya kuteleza pale na kupiga kelele, ni watoto wa vibarua wahamiaji. Na hapa kwetu ni nani asiye kibarua? Madereva wa teksi, wahudumu wa nyumba za wazee, wafagiaji wa ofisi usiku wa manane. Halafu tunajitangazia wenyewe kwamba haituhusu! Hakuna aliyetufukuza. Hakuna lango wala tiketi. Tumejifukuza.

Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akipita Dubai kusalimia ndugu, anakwenda Mall of the Emirates, analipa pesa nzuri, anavalishwa koti la kukodi, anaingia kwenye theluji ya kutengenezwa ndani ya duka wakati nje jua linakaanga. Picha kumi kwenye status. Theluji ya dukani ni maendeleo; ya bure mlangoni ni mambo ya wazungu.

Haya, nikubali kidogo, maana najua mtaandika. Baridi ni baridi. Februari ya hapa ikichanganyika na upepo, pua inakatika ganzi na simu inazima yenyewe mkononi. Viatu vya kutelezea vya kukodi pale mferejini si vya bei ya mtu mwenye watoto wanne. Ila jozi za mtumba zipo tele kwenye maduka ya misaada, na mtoto hahitaji kuteleza vizuri. Anahitaji kuanguka mbele ya wenzake nao wakaanguka mbele yake. Asiyetaka barafu kabisa avuke daraja aende Gatineau, Jacques-Cartier Park, akapande vitelezo vya theluji kwa makalio.

Na sanamu za barafu za tamasha nazo, sikutarajia ningezijali. Nilidhani ni mapambo ya kupigia picha. Siku moja nilisimama nyuma ya uzio nikamtazama mchongaji akifanya kazi. Chenso kwanza, barafu ikiruka kama chumvi, kisha patasi. Alipotaka kuunganisha vipande viwili akachukua pasi, naam, pasi ya nguo, akaipitisha juu ya barafu mpaka uso ukawa laini kabisa, akabandika kipande cha pili, akashikilia. Vikagandana, mstari wa muungano usionekane. Barafu yenyewe angavu kama kioo, kwa sababu huigandisha kuanzia chini huku maji ya juu yakizungushwa, mapovu ya hewa yasinaswe ndani. Saa nzima nilisimama. Vidole vya miguu sikuvisikia tena.

Lakini kinachonitia haraka ni kwamba mfereji wenyewe hauna uhakika. Tamasha limekuwepo tangu 1979, njia ya kutelezea tangu 1971, walipoanza kwa mafagio na makoleo. Majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023, kwa mara ya kwanza katika historia yake, haikufunguliwa hata siku moja. Hata moja! Baridi kali ilipita mwanzoni mwa Februari ya 2023, ikaondoka kabla barafu haijakomaa. Inatakiwa unene wa sentimita 30 hivi, tena barafu nzuri, si theluji iliyolowa ikaganda. Ndiyo maana vijana wa mfereji hufagia theluji haraka, kwani theluji ni blanketi, huzuia baridi isishuke. Kisha usiku hupampu maji ya chini na kuyamwaga juu yagande tabaka kwa tabaka. Mwaka 2024 ikafunguliwa siku chache tu. Mwaka 2025 baridi ikarudi na watu wakateleza wiki nyingi. Mwakani nani ajuaye. Wenyeji wenyewe sasa huamka na kuangalia kama bendera ya mferejini ni ya kijani, yaani njia iko wazi, au nyekundu, yaani imefungwa, na sisi tunaambiana tukanywe uji.

Nina ugomvi pia na waandaaji, wasidhani wamepona. Nembo na wafadhili naviona kila kona. Habari za wale waliokufa kwa homa sijawahi kukutana nazo kwenye ratiba ya tamasha. Na chakula! Foleni ndefu ya kuganda kabisa, mwisho wake ni BeaverTails, unga uliovutwa ukawa bapa, ukakaangwa, ukamwagiwa sukari na mdalasini. Ni hamri iliyokosa iliki na nazi, kwa bei ya kukutoa machozi yanayoganda kabla hayajafika kidevuni. Na cha kuteremshia ni chokoleti ya vuguvugu. Kwa hiyo badala ya sauti za dakika tatu, nani kati yetu ana leseni ya chakula akaombe kibanda mwakani? Chai ya maziwa yenye tangawizi, mahamri, sambusa za moto. Mteja wa kwanza mimi, na nalipa taslimu.