Kijani kwa Kijapani: midori au ao?

Ukitafuta neno la Kijapani la "green" ya Kiingereza, kamusi itakupa midori, na kwa shati au rangi ya ukuta utakuwa umemaliza kazi. Ila ukifika barabarani Tokyo, taa inayoruhusu magari kupita inaitwa ao, neno lile lile la rangi ya anga. Tufaa la kijani ni aoringo. Majani mabichi ya mti ni aoba. Hata kijana asiyejua dunia huitwa aonisai.

Wanaotetea midori wana hoja nzito. Zamani ao ilibeba kijani na buluu pamoja, lakini Mjapani wa leo anazitenganisha vizuri tu. Mwombe muuza nguo shati la ao, atakuletea la buluu. Mgeni anayeshika midori hampotoshi mtu.

Wanaotetea ao huanzia kwenye sarufi. Aoi ni kivumishi kamili, sawa na akai (nyekundu), shiroi (nyeupe) na kuroi (nyeusi). Midori ni nomino, hivyo huhitaji kiunganishi: midori no shatsu. Mswahili hashangai hapa. Vivumishi vyetu halisi vya rangi ni -eupe, -eusi na -ekundu. Kijani kimetokana na jani, nasi tunasema "shati la kijani". Ao ni neno kongwe, ndiyo maana limeng'ang'ania kwenye majina ya vitu.

Na limeng'ang'ania kweli. Taa ya kwanza ya umeme ya kuongozea magari nchini Japani iliwashwa Hibiya, Tokyo, mwaka 1930, na kisheria ilikuwa ya kijani. Watu wakaiita ao. Mwaka 1947 sheria ikasalimu amri ikaandika ao, na miaka ya 1970 serikali ikaelekeza taa zenyewe zitengenezwe kwa kijani kinachoelekea buluu.

Wapo wanaodai Wajapani hawakioni kijani. Huo ni upuuzi. Ng'ombe tunayemwita mwekundu ana rangi ya hudhurungi, na hakuna aliyetupeleka kwa daktari wa macho.

Kwa anayeanza, mimi naunga mkono midori. Ao ya taa, tufaa na majani afundishwe kama jina zima la kitu, bila kuichambua rangi. Akisema midori shingō (shingō ni taa ya barabarani) ataeleweka, na dereva wa teksi atajua papo hapo kwamba amembeba mgeni.