Kwenye nyasi, achana na gurudumu la mbele

Anayeanza kurusha ndege za rimoti huambiwa anunue yenye magurudumu matatu, moja likiwa chini ya pua, kwa kuwa ni rahisi kuiongoza ardhini. Kwenye lami, sawa. Lakini wengi wetu tunarushia kwenye uwanja wa mpira wenye mafungu ya nyasi, mashimo na vichuguu vya fuko. Hapo gurudumu la mbele ndilo adui. Linanasa, waya wake unapinda, pua inachimba chini, propela inakatika, na betri nayo inaendelea na safari mpaka inapasua foamu ya mwili wa ndege.

Mimi nasema nunua ndege yenye magurudumu mawili makubwa mbele na kigurudumu kidogo mkiani. Gurudumu la milimita 80 hupita pale ambapo la 40 huzama. Ekseli ikae chini ya ukingo wa mbele wa bawa. Ikisogea nyuma karibu na kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapokaa sawa ukiibeba kwa ncha za vidole, ndege itabinuka hata kama umeitua vizuri. Nyasi zikifika magotini, toa magurudumu yote, irushe kwa mkono, itue kwa tumbo, na uifunge propela ya kukunjika.

Tua ukiukabili upepo kila mara, maana kinachovunja ndege ni kasi yake juu ya ardhi. Wa Nairobi hili wanalihitaji kuliko wa Mombasa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo ndege ileile inatua kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 8, na nishati ya kugonga kisiki inazidi kwa karibu asilimia 18. Ndiyo maana nasisitiza ndege nyepesi, yenye bawa pana, kwa watu wa nyanda za juu.

Ninachokiona sana viwanjani ni mtu kuachia kijiti cha rimoti kinachoinua pua mara tu magurudumu yanapogusa. Usiachie! Endelea kukivuta taratibu kadiri kasi inavyopungua, mkia ubaki chini, hadi isimame kabisa.

Na mota izimwe kabla ya kugusa nyasi. Propela iliyokwama huku mota ikilazimishwa kuzunguka huunguza kidhibiti cha kasi, kwa hiyo usijaribu kuirudisha ndege kwa nguvu zake kupitia majani. Ifuate kwa miguu, uishike kwa nyuma ya bawa, uchomoe betri kwanza.