Tahadhari Inachukuliwa Wapi?

Wiki iliyopita niliingiwa na ujumbe kwenye simu: "Mvua kubwa zinatarajiwa katika baadhi ya maeneo. Wananchi mnashauriwa kuchukua tahadhari." Niliusoma nikiwa nimesimama juu ya kitanda. Chini viatu vinaelea, mimi nashauriwa kuchukua tahadhari. Naichukua wapi? Naitia kwenye kapu gani?

Na hayo "baadhi ya maeneo" ni maneno ya mganga: mvua isiponyesha kwako, basi hukuwa miongoni mwa baadhi.

Tangu Novemba 2022 Umoja wa Mataifa una mpango wa kumfikishia kila mtu duniani tahadhari ya mapema ifikapo mwisho wa 2027. Vyema. Kwa hiyo rada zinanunuliwa, vituo vyenye skrini ukuta mzima vinafunguliwa, utepe unakatwa. Sawa, nakubali, bila rada na vipimo vya mito hakuna cha kutabiri. Ila rada haimbebi bibi kizee mgongoni.

Msidhani ni shida ya maskini tu. Valencia, Hispania, tarehe 29 Oktoba 2024, wataalamu wa hali ya hewa walitangaza hatari ya kiwango cha juu kabisa asubuhi. Ujumbe wa dharura kwenye simu za watu ulitumwa saa 2 usiku ikiwa imepita, wengine wameshasombwa. Walikufa zaidi ya 220. Skrini zilikuwapo, sayansi ilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kusema "tuma" mapema.

Sasa tazama Bangladesh. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua laki 3, na si kwamba hakikuonekana kikija. Baada ya hapo wakajenga kitu ambacho hakipendezi kwenye picha za uzinduzi: watu wa kujitolea, leo zaidi ya 70,000, nusu yao wanawake, wanaopita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti na kupandisha bendera ambazo hata asiyejua kusoma anazielewa. Wakajenga mahali pa kukimbilia, hata vilima vya udongo kwa ajili ya mifugo, maana mtu hamwachi ng'ombe wake wa pekee afe maji kwa sababu ya tangazo la redio. Huku kwingine huo unaitwa ukaidi wa wananchi! Mwaka 2020 kilipokuja kimbunga Amphan, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa, na waliokufa nchini humo wakahesabika kwa makumi.

Naomba kitu kidogo tu. Niambieni: "Mto utafurika kabla ya saa 10 jioni. Mlio bondeni ondokeni sasa, pandeni shuleni, mifugo ipelekwe uwanjani." Nitajieni saa, njia na mahali, na aniambie mtu ninayemjua kwa sura. Mkikosea mara moja nitanung'unika, nitawatukana kidogo, halafu nitarudi nyumbani na viatu vikavu. Na huyo bibi kizee, jina lake liandikwe kabla ya masika, pamoja na jina la atakayemshika mkono.

Siku mbili baadaye ujumbe mwingine uliingia, nikiwa naanika godoro. "Mvua zinatarajiwa kupungua katika baadhi ya maeneo."